Gesi Haiishi Hivi Hivi

Leo nina ugomvi na sentensi moja fupi. Mwenye hoteli, mwenye baa, muuza samaki, yeyote aliyewahi kumiliki mashine ya barafu anaijua. Mashine imeanza kutoa barafu kidogo, fundi ameitwa, ameshuka kwenye bodaboda na begi lake, kifuniko hajakifungua bado, na tayari ameshatoa hukumu: "Mama, hapa gesi imeisha."

Mama anauliza ni pesa ngapi. Anatajiwa, analipa kwa shingo upande, gesi inajazwa. Mashine inanguruma vizuri wiki mbili, pengine mwezi. Kisha barafu inakonda tena, na fundi anarudi na maneno yale yale.

Tuanzie hapo. Gesi iliyo ndani ya mashine ya barafu si ya mtungi wa jikoni, ambayo unaichoma ikiisha unajaza. Imefungiwa ndani ya paipu za shaba na humo inazunguka, mara kimiminika, mara mvuke, na kiwandani ilipimwa kwa gramu ili itoshe maisha yote ya mashine. Haichomwi, hailiwi, haizeeki. Ikipungua, basi imetoroka, na mahali ilipotorokea pana tundu. Anayekwambia gesi imeisha ana deni la kukuonyesha tundu hilo. Na mara nyingi kuliko tunavyodhani, gesi yote ipo mahali pake, ugonjwa uko kwenye maji, kwenye hewa, kwenye stima, au kwenye valvu moja ndogo ambayo hakuna aliyeigusa.

Nasema haya nikiwafikiria hasa watu wa Mitunguu, huko Meru. Ukiteremka kutoka Nkubu, koti ulilotoka nalo asubuhi unalivua kabla hujafika sokoni. Unaingia kwenye joto la nyanda za chini zinazoelekea Tharaka. Huku ndiko kwenye ndizi, na mashamba mengi yananyweshwa na mradi wa umwagiliaji uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani, maji yakitoka mto Thingithu. Cha kuchekesha ni kwamba zao linaloipa Mitunguu jina halitaki barafu hata kidogo. Ndizi mbichi ikikaa chini ya nyuzijoto 13 hivi, ganda linapiga weusi na tunda haliivi sawasawa. Ukiifukia kwenye barafu umeiharibu. Barafu ya Mitunguu ni ya watu wanaoishi kando ya biashara hiyo ya ndizi: dereva wa lori anayetaka soda baridi saa saba mchana, muuza sharubati, mwenye bucha, mwenye baa. Na muuza samaki.

Ndiyo, samaki. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wake wa kuchochea uchumi, yalichimbwa mabwawa ya samaki katika maeneo bunge 140, na lengo lilikuwa mabwawa 200 kwa kila eneo. Vikajengwa pia viwanda vidogo vinne vya kusindika samaki hao, kimoja hapa hapa Imenti Kusini, pale Kanyakine, na vingine Nyeri, Kakamega na Migori. Sasa, katika nchi za joto, ushauri wa kawaida wa wataalamu wa uvuvi ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na ukiwa na safari ndefu uongeze. Kwa hivyo mashine iliyokuwa ikitoa kilo 150 kwa siku ikianza kutoa 100, kuna kilo 50 za tilapia ambazo hazina mahali pa kulala. Zitauzwa kwa hasara jioni hiyo, au zitanuka asubuhi. Ndiyo maana nataka tuichukulie mashine hii kwa uzito.

Kazi yake ni moja tu, kuhamisha joto kutoka kwenye maji na kulitupa nje. Ili kilo moja ya maji iteremke nyuzijoto moja, unaondoa kilojuli 4.2 hivi. Lakini maji yakishafika sifuri bado hayajawa barafu. Inabidi uondoe kilojuli nyingine 334 kwa kila kilo, na wakati huo wote kipimajoto kimesimama pale pale kwenye sifuri. Humo ndimo inamoishia sehemu kubwa ya stima unayolipia. Maji ya nyuzijoto 20 yanahitaji kuondolewa kilojuli 418 hivi kwa kilo mpaka yagande. Maji ya nyuzijoto 35, yaliyoshinda kwenye tangi jeusi la plastiki juu ya paa la mabati, yanahitaji kuondolewa 480. Umeiongezea mashine kazi kwa karibu asilimia 15, na hakuna kitu kilichoharibika. Kabla ya kumpigia fundi simu, panda ngazi ushike tangi lako mchana wa Februari.

Hewa nayo ina madai yake. Joto lililotolewa kwenye maji linatupwa nje kupitia kondensa, ule wavu wa paipu na mapezi membamba wenye feni mbele yake. Kama hewa ya chumba ni baridi, joto linatoka upesi. Kama chumba chenyewe ni tanuri, linatoka kwa shida. Ndiyo maana watengenezaji hupima mashine zao mara mbili. Kipimo cha kwanza ni cha hewa ya nyuzijoto 21 na maji ya nyuzijoto 10, na namba hiyo nzuri ndiyo inayopendwa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Cha pili ni cha hewa ya nyuzijoto 32 na maji ya 21, na kinakaa kwenye jedwali la ndani ambalo muuzaji hakufungulii. Kati ya namba hizo mbili robo ya barafu inaweza kupotea. Aliyenunua mashine ya kilo 200 akaiweka nyuma ya jikoni la kuni Mitunguu, akapata 150, hana mashine gonjwa. Alisoma karatasi ya nchi nyingine.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye mashine ni, inatoa kilo ngapi? Wengi hujibu kwa macho: "Siku hizi ni kidogo, fundi." Kidogo si kipimo. Mashine za barafu ya vipande hufanya kazi kwa mizunguko: inagandisha, inaangusha, inaanza upya. Chukua saa ya simu na mizani ya dukani. Hesabu dakika tangu maji yaanze kutiririka kwenye sahani ya kugandishia mpaka barafu ianguke, na upime barafu ya mzunguko mmoja. Tuseme imeganda kwa dakika 18, ikachukua dakika 2 kuanguka, na mizani inasema kilo 2. Hiyo ni mizunguko mitatu kwa saa, 72 kwa siku, kilo 144. Mashine hiyo hiyo ikianza kuchukua nusu saa nzima kwa mzunguko, unabaki na mizunguko 48 na kilo 96. Sasa tuna namba, na namba unaweza kuilinganisha na karatasi ya mtengenezaji kwa joto la hewa na maji uliyo nayo siku hiyo. Mzunguko wa kwanza baada ya kuwasha usiuhesabu, kwa sababu mashine haijatulia.

Tukitoka kwenye mizani twende kwenye barafu yenyewe, maana hapa ndipo mafundi wengi wanapopita mbio. Subiri mzunguko ukaribie kuisha, fungua mlango wa mbele, uangalie sahani. Barafu imejaa sawasawa toka juu hadi chini, au imenenepa upande mmoja na kukonda upande mwingine? Gesi huingia kwenye sahani kwa ncha moja na kutokea ncha nyingine, ikichemka njiani. Ikiwa haba, inachemka na kuisha kabla haijafika mwisho, kwa hivyo ncha ya kuingilia inapata barafu nene na ncha ya kutokea inabaki na utando, au maji matupu. Ukiona sura hiyo, hapo ndipo gesi inakuwa mshukiwa. Tena ni mshukiwa mmoja kati ya wawili, kwa sababu valvu inayopunguza shinikizo kabla ya sahani, au kichujio cha unyevu kilichoziba, kinaweza kuibana gesi ambayo ipo nyingi tu nyuma yake. Kujaza gesi kwenye mashine iliyoziba ni kuipeleka kompresa, ile pampu inayoisukuma gesi, kaburini kwa gharama ya mteja.

Lakini kama barafu imejaa sawasawa kila kona na tatizo ni kwamba imechelewa, usiitaje gesi kwanza. Mashine inagandisha vizuri ila pole pole, na sababu ya kawaida kuliko zote ni kondensa chafu. Wakati wa kiangazi Mitunguu, malori ya ndizi yanapita mchana kutwa, na vumbi lake linatafuta pa kukaa. Likichanganyika na mafuta ya chipsi kutoka jikoni linakuwa zulia. Chukua tochi, uimulike kondensa upande mmoja na utazame upande wa pili. Usipoona mwanga, umeshapata ugonjwa, na dawa yake ni brashi laini, maji ya sabuni na saa moja ya kazi, stima ikiwa imezimwa. Angalia pia kama feni inazunguka kwa kasi yake. Feni inayozunguka kivivu inadanganya jicho, kwa sababu mtu akiiona inazunguka tu anaridhika.

Maji yana hila zaidi. Mashine nyingi za vipande huingiza kiasi maalumu cha maji mwanzoni mwa mzunguko, kisha hufunga mlango na kuyazungusha maji hayo hayo juu ya sahani mpaka yagande. Valvu ya kuingiza maji ikishikwa na punje ya mchanga haifungi vizuri, na maji yenye joto yanaendelea kudondoka ndani wakati mashine inajaribu kugandisha. Kuna mashine nyingine zenye valvu ya kumwaga maji machafu, nayo ikivuja, maji yaliyokwisha kupozwa yanakimbilia kwenye bomba la taka na mapya yanaingia. Kwa mtazamaji hali zote mbili zinafanana kabisa na upungufu wa gesi: kompresa inaunguruma, feni inazunguka, barafu haiji. Kuzitambua ni kazi rahisi. Mashine ikiwa katikati ya kugandisha, tazama bomba la taka. Linatiririsha? Kisha funga koki ya maji yanayoingia kwa mzunguko huo. Barafu ikianza kuganda haraka, usimruhusu mtu aitoe geji ya kupimia shinikizo kwenye begi. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, mito inapobeba udongo, asiyekuwa na chujio kwenye paipu yake ajue anaalika punje hiyo ya mchanga mwenyewe.

Anayetumia maji ya kisima chenye chokaa ana shida nyingine. Maji yanayotiririka juu ya sahani huganda yakiwa safi na kuacha madini nyuma, ndiyo maana barafu nzuri ya vipande inang'aa kama kioo. Madini yaliyoachwa nyuma yanatakiwa kusukumwa nje. Yasipotoka, barafu inakuwa na ukungu, na chokaa inajenga utando mgumu juu ya sahani. Hapo barafu inaganda vizuri lakini haianguki. Inang'ang'ania, mashine inachelewa kwenye kuangusha, inaanza mzunguko mpya juu ya barafu ya zamani, na mwishowe unapata bonge moja la kutisha. Dawa ni kisafishaji kilichotengenezwa kwa mashine za barafu, na kwa sahani zilizopakwa nikeli kiwe kile kinachoruhusiwa kwa nikeli. Nimesikia wanaotumia asidi ya kusafishia choo. Asidi hiyo inabandua nikeli na kuacha shaba wazi, halafu barafu hiyo hiyo inatiwa kwenye glasi ya mteja. Sitaki kuongeza neno hapo.

Kuna valvu nyingine ambayo nadhani ndiyo inayodhulumiwa zaidi. Ili barafu ianguke, mashine huchukua gesi moto inayotoka kwenye kompresa na kuipeleka moja kwa moja kwenye sahani, bila kupitia kondensa, kwa dakika moja au mbili. Mlango wake ni valvu ya gesi moto. Isipofunga barabara, gesi moto inaendelea kupenya kwenye sahani wakati wa kugandisha, na mashine inapigana na nafsi yake. Geji ikifungwa itaonyesha shinikizo la kurudi likiwa juu kuliko inavyotakiwa, na fundi mwenye haraka atasema kompresa imechoka. Kompresa mpya ni pesa ya kuuza ndama. Lakini mkono ungetosha. Mashine ikishagandisha dakika tano hivi, gusa kwa uangalifu paipu inayoingia kwenye valvu hiyo, karibu na valvu yenyewe. Inatakiwa iwe imeanza kupoa. Ikiwa bado ni moto sawa na paipu inayotoka kwenye kompresa, gesi inapita, na valvu ndiyo ya kubadilishwa. Nasema kwa uangalifu kwa sababu paipu ya kompresa hupita nyuzijoto 65 bila taabu na itakuchoma, kwa hivyo mwenye kipimajoto cha kubana kwenye paipu akitumie. Tena kipimajoto hicho kinakupa habari nyingine. Paipu ya kompresa ikiwa ya uvuguvugu tu wakati mashine imeshagandisha muda mrefu, huenda valvu ya kupunguza shinikizo imekwama wazi na gesi inarudi kwenye kompresa ikiwa bado kimiminika. Kompresa haikuumbwa kusukuma kimiminika.

Hapo kuna jambo ambalo watu wa juu, kule Githongo na Nkubu, watanielewa kuliko watu wa Mitunguu. Mashine ile ile ikipelekwa kwenye baridi ya Julai inaweza kuugua ugonjwa wa kinyume. Chumba kikiwa baridi mno, shinikizo la upande wa kondensa linaanguka, gesi moto inakosa moto wa kutosha, na barafu haitaki kuachia sahani. Mashine zilizotengenezwa vizuri zina swichi inayozima feni ya kondensa shinikizo likishuka na kuiwasha likipanda. Sasa fundi aliyezoea joto la nyanda za chini akipanda huko, akaona feni inazima na kuwaka, anaweza kuamua swichi imekufa na kuiunganisha feni moja kwa moja. Ameua kinga ya mashine. Vile vile, anayenunua mashine iliyotumika kutoka mlimani na kuishusha Mitunguu asitarajie hesabu ya kule. Mwenye mashine anapaswa kumwambia fundi imetoka wapi.

Stima nitaipitia haraka, si kwa sababu ni ndogo bali kwa sababu jibu lake ni fupi: pima volti mashine ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imezimwa. Stima yetu ni ya volti 240 kwa karatasi. Mwisho wa laini ndefu, saa moja usiku kila mtu akiwa amewasha kitu, inaweza kushuka sana, na kompresa inapojaribu kuanza inashindwa, inapata moto, kinga yake inakata, inapoa, inajaribu tena. Ukisikia mlio wa "tik", kimya cha dakika kadhaa, kisha "tik" tena, hilo ni jambo la umeme. Kinga ya volti yenye kuchelewesha kuwaka baada ya stima kurudi ni bei ndogo mbele ya kompresa.

Baada ya hayo yote, ndiyo, kuna mashine ambazo gesi imevuja kweli. Sura ya barafu imesema hivyo, maji yako sawa, kondensa ni safi, valvu ya gesi moto imefunga, volti zipo. Sasa geji ina kazi. Lakini kuna jambo moja kuhusu geji ambalo wenye mashine hawaambiwi: kila inapofungwa na kufunguliwa, gesi kidogo hupotea kwenye mipira yake. Kwenye mashine kubwa si hoja. Kwenye mashine ndogo ya kaunta, ambayo gesi yake yote inapimwa kwa gramu chache mno, fundi anayefunga geji kila anapokuja "kuangalia tu" anaweza kuutengeneza yeye mwenyewe ule upungufu anaoutafuta. Ndiyo maana nimeanza na barafu, maji na mkono.

Tundu linatafutwa kwa jicho kwanza. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hivyo doa la mafuta lenye vumbi kwenye kiungo cha paipu ni ushahidi. Angalia mahali paipu mbili zinaposuguana kwa mtikisiko, angalia vifuniko vya valvu za huduma, kisha povu la sabuni. Pasipoonekana kitu, mashine hujazwa naitrojeni kavu kwa shinikizo linaloruhusiwa kwenye kibandiko chake na kuachwa. Naitrojeni, wala si oksijeni, hata kama mtungi wa oksijeni wa mchomeaji uko hapo karibu. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na mafundi wamekufa hivyo.

Tundu likishazibwa kwa kuchomelewa, kichujio cha unyevu kinabadilishwa, hewa na unyevu vinavutwa nje kwa pampu, kisha gesi mpya inaingia kwa mizani. Kwa mizani, msikilizaji. Kibandiko cha mashine kinataja aina ya gesi na uzito wake, na fundi anayejaza "mpaka paipu ipate jasho" anabahatisha. Gesi ikizidi ni ugonjwa vile vile: shinikizo linapanda, kompresa inaungua pole pole, barafu inapungua, na wa kwanza kuulizwa atasema gesi imeisha. Kibaya zaidi ni kuchanganya. Gesi aina ya R-134a juu ya R-404A, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo kwenye begi, inakupa kitu ambacho hakuna jedwali la shinikizo linalokijua, na hakuna fundi atakayekuja baadaye anayeweza kuisoma mashine hiyo. Na R-404A yenyewe ni mchanganyiko wa gesi tatu, kwa hivyo inaingizwa ikiwa kimiminika ili uwiano wake usiharibike.

Gesi hizi zina siasa zake pia. Mkataba wa Montreal wa 1987 uliziandama zile zilizokuwa zikitoboa tabaka la ozoni, kama R-12, na baadaye R-22. Zilizochukua nafasi zao haziigusi ozoni lakini zinapasha dunia joto, na marekebisho yaliyopitishwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, yakaanza kutumika 2019 ili kuzipunguza. Kilo moja ya R-404A ikiachiwa hewani ina nguvu ya kupasha joto inayokaribia tani nne za kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100. Kwa hivyo ile desturi ya kujaza kila mwezi mashine yenye tundu si hasara ya mama peke yake.

Kwa sababu hiyo mashine mpya ndogo nyingi zinakuja na R-290, ambayo ni propani safi. Inapoza vizuri, haina madhara makubwa kwa hali ya hewa, na inawaka. Viwango vya kimataifa viliishikilia kwenye gramu 150 kwa miaka mingi kabla ya kuipandisha hadi 500 kwa vifaa fulani mwaka 2019. Fundi akikuta kibandiko cha R-290 na alama ya moto, asipeleke mwali kwenye paipu ambayo bado ina gesi, asifanye kazi chumba kikiwa kimefungwa, na jiko la makaa litolewe nje kwanza. Na asijaze ya mtungi wa jikoni. Ile ya jikoni ni mchanganyiko uliotiwa harufu, haukukaushwa kwa kazi hii, na uwiano wake unabadilika.

Sasa nimtetee fundi kidogo, maana nimemkalia. Kwa nini anakimbilia gesi? Kwa sababu gesi ndiyo tunayokubali kulipia. Akija, akakaa saa nzima akitazama barafu ikiganda, akapima maji, akasafisha kondensa kwa brashi, akatoa punje ya mchanga kwenye valvu na mashine ikapona, mwenye hoteli atamwambia, "Lakini hukuweka kitu chochote, fundi," na atampa mia mbili ya nauli. Akiunganisha mtungi ukazizima kwa dakika tano, atalipwa maelfu. Mwenye akili timamu na watoto shuleni atachagua kipi? Tumemfundisha wenyewe kuuza mtungi.

Kwa hiyo kabla hajafungua begi, elewaneni bei ya kuchunguza peke yake, hata asipobadilisha kitu, na alipwe hiyo bei. Nawe udai chako. Ndani ya kifuniko cha mashine kuna nafasi tupu ya bati. Mpe kalamu ya wino mzito aandike hapo tarehe, joto la chumba, joto la maji, dakika za kugandisha, dakika za kuangusha, uzito wa barafu ya mzunguko mmoja, na kama aliweka gesi, ni aina gani na gramu ngapi, na tundu alilikuta wapi. Akisema hakuna haja ya kuandika tundu lilikuwa wapi, muulize gesi aliyoweka inakwenda kuziba nini.